Hema la Watu Wawili Linapoleta Shida: Dalili, Chanzo na Tiba

Mjini Mbale ninatunza stoo ndogo yenye mahema kumi na moja ya watu wawili, ambayo ninawakodishia wanaopanda Mlima Elgon na wale wanaokwenda Kapchorwa kulala karibu na maporomoko ya Sipi. Hema linaporudishwa likiwa na kasoro, aliyelikodi hutumia neno moja tu, “linavuja”, na neno hilo limenigharimu fedha nyingi kwa kuwa zamani nililiamini. Nilikuwa nikinunua dawa ya kuzuia maji na kupaka hema zima, kisha mteja wa wiki iliyofuata akarudi na malalamiko yale yale, kwa sababu maji aliyoyaona hayakuwa yametoka nje. Ndiyo maana katika maelezo haya ninaanza na dalili, yaani kile mtu anachokiona na kukigusa, ndipo nitaje chanzo, na tiba nikaiacha mwisho. Mambo ya kuchagua hema nimeyachanganya humo humo, kwani kasoro nyingi hununuliwa dukani pamoja na hema lenyewe.

Umeamka umelowa

Kabla ya kugusa gundi au dawa yoyote, tazama maji yako wapi. Ikiwa upande wa ndani wa paa la nje, lile tabaka la kuzuia mvua linalofunika hema la ndani, umejaa matone madogo yaliyosambaa sawasawa, kama jasho juu ya chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji, hema halivuji. Hayo ni maji yenu wenyewe. Watu wawili waliolala usiku mzima hutoa kwa pumzi na kwa ngozi mvuke unaoweza kujaza chupa ya nusu lita au zaidi, na mvuke huo ukikutana na kitambaa kilichopoa hugeuka kuwa maji papo hapo. Ukiongeza nguo mbichi zilizotundikwa ndani, viatu vilivyovuka kijito na ardhi iliyonyeshewa jioni, matone yanakuwa mengi kiasi cha kudondoka.

Januari moja tulikuwa katika kambi ya Mude Cave mlimani Elgon, karibu mita 3,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku kucha anga lilikuwa jeupe kwa nyota. Saa moja asubuhi, jua lilipogusa mahema, vijana wawili walitoka wakilalamika kwamba lao linavuja. Niliingiza mkono kati ya hema la ndani na paa la nje, na kidole kikakwaruza tabaka jembamba la barafu lililokuwa likiyeyuka na kuwadondokea. Usiku walikuwa wamefunga kila tundu la hewa kwa kuogopa baridi, na soksi nne zilizolowa zilikuwa zimening’inia juu ya vichwa vyao. Hakuna dawa ya dukani ambayo ingewasaidia.

Tiba ya mvuke ni hewa. Fungua matundu ya juu hata kukiwa na baridi, acha zipu ya mlango wa paa la nje wazi kwa upana wa kiganja upande usioelekea upepo, na vuta paa la nje kwa kamba zake ili lisiguse hema la ndani. Nguo mbichi zibaki ukumbini, yaani nafasi iliyo chini ya paa la nje mbele ya mlango wa hema la ndani, au ziwekwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Mahali pa kusimamisha hema pana uzito uleule: bondeni kando ya mto hewa baridi hutuama na unyevu ni mwingi, ilhali mita chache juu yake, chini ya miti, paa hupoa polepole zaidi. Wanaolala kando ya Ziwa Bunyonyi wanajua jinsi ukungu unavyoshuka alfajiri hadi ng’ambo isionekane. Huko utapata matone hata ukifanya kila kitu sawasawa, na kitambaa kikavu cha kupangusia ndicho chombo cha maana kuliko vyote.

Kama bado hujanunua, chagua hema lenye kuta mbili, yaani la ndani lenye wavu mwingi na la nje la kuzuia mvua, lenye angalau tundu moja la hewa juu na milango miwili inayotazamana. Hema la ukuta mmoja ni jepesi, na katika nchi kavu linafaa, lakini kwa Uganda, ambako mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba huacha hewa ikiwa na unyevu usiku kucha, mimi silishauri.

Sasa tuseme maji hayakusambaa, bali yamefuata mstari mmoja ulionyooka na kudondoka mahali pale pale kila mara. Hapo mshono unavuja. Sindano ya cherehani huacha matundu, na kiwandani matundu hayo hufunikwa kwa utepe unaobandikwa kwa joto. Utepe ukibanduka, maji hupita. Njia ya kuhakikisha ni kulisimamisha hema uani siku ya jua, mmoja akae ndani, na mwingine amwagilie mishono polepole kwa kopo lililotobolewa, akianzia chini na kupanda juu, maana ukianza juu maji yatateremka na kukudanganya. Aliye ndani atie alama kwa chaki kila panapotokea tone.

Katika kuziba, aina ya kitambaa ndiyo inayoamua gundi. Kitambaa chenye utando wa poliuretani kwa ndani, ambacho ndicho cha mahema mengi ya bei ya kati, huzibwa kwa gundi ya poliuretani. Kitambaa kilichopakwa silikoni pande zote mbili huteleza mkononi kama sabuni, na hakishikwi na kitu kingine isipokuwa silikoni; ndiyo maana mahema ya namna hiyo hayana utepe kwenye mishono, na mara nyingi mnunuzi hutakiwa kuipaka mwenyewe. Safisha mshono, upake gundi nyembamba kwa brashi ndogo, ukiusugua ili iingie kwenye matundu ya sindano, kisha uache ukauke siku nzima kabla ya kukunja hema.

Ikiwa kuta ni kavu na maji yako chini ya godoro la safari, shaka iende kwenye sakafu, ila kagua kwanza lile turubai ulilotandika chini ya hema. Hili ndilo kosa ninaloliona kuliko yote: mtu kwa nia njema hutandika turubai pana kuliko hema, kingo zake zikatokeza nje, mvua inayoteremka kutoka paani ikadakwa na kupelekwa moja kwa moja chini ya sakafu, na hema likawa limelala juu ya bwawa. Kingo za tandiko zikunjwe ziingie ndani ya mzunguko wa hema kwa upana wa vidole vinne hivi.

Tandiko likiwa sawa na maji bado yanapanda, ama sakafu ina tundu ama utando wake umechoka. Uwezo wa kitambaa kuzuia maji hupimwa kwa urefu wa safu ya maji kinayoweza kuhimili kabla matone hayajapenya, na hutajwa kwa milimita. Paa la milimita 1,500 linatosha kwa mvua nyingi, lakini sakafu hubanwa kwa goti na kiwiko dhidi ya ardhi iliyolowa, kwa hiyo tafuta milimita 3,000 au zaidi. Tarakimu hizo ni za kitambaa kipya. Matumizi huzipunguza mwaka hadi mwaka. Kulitafuta tundu, ingia ndani mchana, mwenzako ainue sakafu kuielekea jua, nawe utaona nuru ikipenya mahali palipotobolewa na kisiki cha nyasi zilizofyekwa.

Kuna dalili moja ndogo inayowachanganya wengi, nayo ni miguu peke yake kulowa. Mara nyingi hema halina ugonjwa wowote, ila ni fupi. Mtu mrefu akijinyoosha, ncha ya mfuko wake wa kulalia husukuma hema la ndani hadi liguse paa la nje, na maji ya mvuke yakahamia kwenye mfuko. Maneno “watu wawili” kwenye lebo yana maana ya miili miwili iliyolala bega kwa bega bila mizigo. Godoro la kawaida la safari lina upana wa sentimita 51, na lile pana hukaribia 64. Mawili mapana yanahitaji karibu sentimita 128, ilhali mahema mengi ya watu wawili yana sentimita 120 hadi 130 tu. Beba mkanda wa kupimia dukani. Kwa urefu, aliye na sentimita 180 asikubali hema lililo chini ya sentimita 215, na kama mizigo yenu haitakaa ukumbini, nunueni la watu watatu.

Sakafu inanata, na hema linanuka

Ukifungua hema lililokaa muda mrefu na kitambaa kikang’ang’aniana kama kilichopakwa asali, huku harufu kali ya uchachu ikikupiga puani, utando wa poliuretani umeoza. Unyevu wa hewa huvunjavunja kemikali zake kidogo kidogo, na joto huharakisha kazi hiyo, kwa hiyo hema lililokunjwa likiwa bichi na kuwekwa chini ya paa la mabati linaweza kuharibika ingawa halijatumika hata mara tano. Ni ugonjwa usiorudi nyuma. Unaweza kusugua utando wote kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ukautoa na kupaka mpya, nami nimewahi kufanya hivyo kwa siku tatu nzima. Matokeo yake yalikuwa hema lililozuia umande lakini si mvua.

Jambo hili linawahusu zaidi wanaonunua mitumba. Mahema mazuri ya mkono wa pili hupatikana, hata katika soko la Mtakatifu Balikuddembe ambalo Kampala nzima bado inaliita Owino, na bei yake inaweza kuwa chini sana kuliko ya dukani. Lakini lifungue lote. Mimi niliwahi kuuziwa mahema matatu na mfanyabiashara aliyenionyesha paa la moja tu, la juu kabisa, akidai kwamba yakifunguliwa hayatarudi vizuri ndani ya mfuko. Mawili kati ya hayo yalikuwa yananata hivi kwamba nilipoyafungua nyumbani utando ulibanduka kama maganda ya kitunguu. Siku hizi ninaingiza pua ndani ya mfuko kabla ya kuuliza bei. Harufu haifichiki.

Kinga ni kulikausha hema pande zote, hata kama safari iliisha usiku na umechoka, na kulihifadhi likiwa limelegea ndani ya mfuko mkubwa wa pamba au gunia safi, mahali penye hewa na kivuli. Madoa meusi ya ukungu huja kwa njia hiyohiyo na huzuiwa vivyo hivyo; yakishaingia ndani ya nyuzi huwa hayatoki, ingawa hayapitishi maji.

Paa lililokazwa jioni limelegea usiku

Kwa kawaida hii si kasoro. Nailoni hufyonza maji kidogo na kutanuka inapolowa, hivyo paa lililokuwa limekaza kama ngoma saa kumi na mbili jioni huning’inia saa nne usiku. Polista hutanuka kidogo sana, nayo huvumilia jua vizuri zaidi, ila kwa unene uleule nailoni ni ngumu zaidi kuchanika. Kwa mtu anayekwenda kwa gari na kukaa siku nyingi mahali pamoja ningechagua polista. Kwa mpanda mlima anayehesabu kila gramu, nailoni. Tiba ni kutoka nje mara moja baada ya mvua kuanza na kukaza kamba upya, kazi ya dakika mbili ambayo hakuna anayependa kuifanya.

Ufito umepasuka au umepinda

Fito za faiba hupasuka kwa urefu, zikiacha vibanzi vinavyoingia mkononi kama miiba, na fito za alumini hupinda kwanza kabla ya kukatika. Tofauti hiyo ni sababu tosha ya kulipia alumini katika hema unalotaka liitwe imara, kwa kuwa ufito uliopinda bado unakulaza usiku huo, ilhali uliopasuka unaweza kutoboa paa.

Chanzo cha kupasuka si upepo peke yake. Mara nyingi kipande kimoja hakikuingia hadi mwisho ndani ya kingine wakati wa kuunganisha, uzito wote ukaegemea ukingo wa bomba, na ukingo ukaachia. Unganisha vipande kwa mkono, kimoja kimoja, hadi usikie vimegota. Usivirushe hewani vijiunge vyenyewe kwa nguvu ya mpira wa ndani, ingawa inapendeza kutazama. Unapoingiza ufito kwenye njia yake ya kitambaa, usukume, usiuvute, kwa maana ukiuvuta vipande huachana humo ndani. Wakati wa kukunja, anzia katikati ya ufito kuelekea ncha, ili mpira uvutike sawa pande zote mbili.

Chanzo kingine ni safari yenyewe. Hema lililofungwa kwa mipira nyuma ya boda boda likiwa limetokeza pande zote mbili hugonga nguzo, mabegi na magoti ya watu hadi Budadiri, unakoanzia kupanda Elgon. Lifungwe kwa urefu wa pikipiki, au libebwe mgongoni.

Ufito ukishavunjika mlimani, tafuta kibomba kinachouzunguka, ukivalishe juu ya jeraha na kukifunga kwa utepe wa gundi ncha zote mbili. Mahema mazuri huja na kibomba hicho. Kama huna, bomba la alumini la antena ya zamani ya televisheni, lililokatwa kwa urefu wa kiganja na kusuguliwa kingo kwa tupa, hufanya kazi ileile. Ninayo manne katika mfuko wangu wa ukarabati, na kila moja limeshaokoa usiku wa mtu. Vigingi viwili vilivyofungwa kama banzi pande mbili za ufito vitakufikisha asubuhi tu.

Vigingi vinang’oka na hema linacheza

Tazama kwanza kama kamba za kukazia zimefungwa. Katika mahema ninayorudishiwa, zaidi ya nusu huja na kamba hizo zikiwa bado zimeviringwa jinsi nilivyoziviringa mimi, maana yake hazikuguswa safari nzima. Fito hulipatia hema umbo, lakini kamba ndizo zinazolishika upepo unapokuja, na ngurumo za Ziwa Victoria, ambalo ni mojawapo ya sehemu zenye radi nyingi duniani, mara nyingi huwafikia watu wa Ssese na Entebbe usiku wa manane au alfajiri, wakati hakuna anayetaka kutoka kwenda kufunga kamba.

Kigingi kipigwe kikiwa kimelala nyuzi 45 hivi, kichwa chake kikiegemea mbali na hema, na kamba ikivuta kutoka upande wa hema. Kikisimama wima katika udongo laini kitachomoka kama mhogo baada ya mvua. Katika udongo mgumu wa maramu, vigingi vya waya vinavyokuja na mahema hupinda kwa pigo la pili, na hapo misumari ya inchi 6 kutoka duka la vifaa vya ujenzi ni bora na rahisi kununua, ingawa ni mizito. Katika mchanga wa ufukweni kigingi chochote hakishiki. Funga kamba katikati ya kijiti kinene au mfuko uliojazwa mchanga, uchimbe shimo la kina cha mkono hadi kiwiko, ukizike kikiwa kimelala kukingama na kamba, kisha ukanyage juu yake.

Geuza upande mwembamba wa hema uelekee upepo. Kuhusu kivuli, chunguza mti kabla ya kulala chini yake: matawi makavu huanguka siku yenye upepo, na mfenesi hauhitaji hata upepo. Fenesi moja lililoiva linaweza kuzidi kilo kumi, na sijaona hema lililotengenezwa kwa ajili yake.

Zipu inafunga, lakini meno yanaachana nyuma yake

Wengi huhitimisha kwamba meno yamekufa, wakampelekea fundi cherehani hema zima abadilishe zipu. Mara nyingi kilichochoka ni kichwa cha zipu tu. Vumbi la maramu huingia kati yake na meno, likafanya kazi ya msasa, na kwa muda kichwa hupanuka hadi kisiweze kuyabana. Sugua meno kwa mswaki mkavu, kisha kwa koleo ndogo bana kichwa pande zake za nyuma, kushoto na kulia, kidogo sana kila upande, ukijaribu baada ya kila mbano. Ukizidisha, chuma kitakatika. Kikishabanwa mara mbili na bado hakishiki, badilisha kichwa chenyewe; kinauzwa peke yake, na fundi yeyote anayeshona mabegi anacho. Zipu inayokwama ipakwe nta ya mshumaa. Mafuta ya kupikia, ambayo nimeyakuta kwenye hema langu zaidi ya mara moja, huvuta vumbi na sisimizi.

Kitambaa kinachanika kwa kuguswa

Hili ni jua. Mionzi yake hukata nyuzi za nailoni na polista polepole, na katika nchi inayopitiwa na ikweta jua la adhuhuri huja karibu wima mwaka mzima, likizidi ukali kadiri unavyopanda mlima. Dalili ya mapema ni rangi iliyopauka upande mmoja. Kulihakikisha, shika kitambaa cha paa kwa vidole gumba viwili vilivyokaribiana na ukivute kwa nguvu ya kawaida. Kikitoa mlio wa karatasi na kuacha mpasuko, hakuna kiraka kitakachosaidia, kwa sababu kitachanika kando ya kiraka. Hema lililosimamishwa uani kwa miezi mitatu ili watoto wachezee limeshatumia umri wake wote. Mpasuko uliotokana na mwiba katika kitambaa kizima ni jambo jingine: safisha, kausha, kata kiraka chenye pembe za mviringo, ukibandike pande zote mbili.

Wageni wasioalikwa

Mbu wakiwa ndani na wavu ni mzima, waliingia mlangoni jioni taa ikiwa inawaka. Funga zipu kabla ya kuwasha taa. Wavu uliotoboka, hata tundu dogo la cheche, uzibwe siku hiyohiyo, kwani malaria nchini haijali kama umelala hotelini au hemani. Mbung’o huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo, na anayekwenda Murchison Falls afikirie hilo anapochagua rangi ya hema na ya fulana. Siafu wakipita chini ya hema, hasa baada ya mvua, hamisha hema. Kupigana nao ni kupoteza usiku.

Tundu lenye kingo zilizotafunwa karibu na sakafu ni kazi ya panya aliyenusa karanga au ndizi. Chakula kikae garini au kwenye stoo ya kambi, maana katika mbuga nyani na ngiri nao wana pua. Kando ya maji, usisimamishe hema kwenye njia iliyokanyagwa na kupanda kutoka ziwani. Viboko hutoka usiku kwenda malishoni na hurudi kwa njia hiyohiyo, na askari wa mbuga akikuambia usogee mita hamsini, sogea.

Kichwa kinauma na mwili ni mzito asubuhi

Kama ulilala na sigiri ndani au ukumbini, hata makaa yakiwa yameonekana kufifia, toka nje mara moja na umtoe mwenzako. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na paa lililolowa kwa mvua hupitisha hewa kidogo kuliko lilivyo kavu. Mtu anaweza kufa humo akiwa usingizini bila kuhisi lolote. Aliyezimia au anayetapika apelekwe hospitali hata kama ameanza kupata nafuu. Baridi ya Elgon itibiwe kwa chupa ya maji ya moto ndani ya mfuko wa kulalia, kwa kofia na kwa godoro nene zaidi, kwa kuwa ardhi huiba joto kuliko hewa. Na ngurumo zikikaribia, hema halikukingi na radi. Nenda ndani ya gari au jengo.

Hema lisilotibika

Hema ambalo utando wake umeoza au kitambaa chake kimekufa kwa jua halitupwi zima. Mwaka huu nimevunja mawili, na kutoka humo nimepata fito mbili nzima za alumini, vichwa sita vya zipu, wavu wa kutosha viraka vya miaka kadhaa, vigingi, ndoano, kamba na mfuko mmoja. Sakafu iliyokuwa bado imara nimeikata kuwa matandiko mawili, yote yakiwa madogo kuliko hema kwa upana wa vidole vinne kila upande.